Msimamizi amenirudishia bibliografia: "Muhtasari mtupu. Umevisoma?"

Shikamoo mwalimu,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, ninasoma Kiswahili na Historia. Utafiti wangu unamhusu Kinjikitile Ngwale, nabii aliyegawa maji ya kinga: nafasi yake katika kuanza kwa Vita vya Maji Maji mwaka 1905, na namna fasihi ya Kiswahili ilivyomchora baadaye. Kabla ya pendekezo la utafiti, idara inataka bibliografia yenye maelezo ya vyanzo 12, kila chanzo maneno 120 hadi 150, kwa mtindo wa marejeleo wa APA. Nilipeleka vinane vya kwanza. Vikarudi na wino mwekundu: "Muhtasari mtupu. Umevisoma?"

Vingi nimevisoma. Haya hapa ndiyo niliyoandika kuhusu kijitabu cha Gwassa na Iliffe, Records of the Maji Maji Rising:

"Kitabu hiki kinazungumzia Vita vya Maji Maji. Kinaeleza sababu za vita, jinsi vilivyoanza na jinsi watu walivyopigana na Wajerumani. Kina taarifa nyingi muhimu kutoka kwa wazee. Ni kitabu kizuri na kitanisaidia sana katika utafiti wangu."

Sielewi kilichokosekana. Halafu kuna mengine. Kitabu cha gavana von Götzen kinatajwa kila ninapogusa, lakini ni cha Kijerumani na mimi Kijerumani sikijui, kwa hiyo maelezo yake nimeyaokota kwa wengine waliokitaja. Niliiomba pia programu ya akili mnemba initafutie makala, ikanipa tano. Mbili sizipati popote. Na sijui kama tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein inaruhusiwa kuingia kwenye orodha hii. Zimebaki wiki mbili. Naomba mnisaidie.

Mwanafunzi, Dodoma

* * *

Marahaba, binti.

Tuanze na hayo maelezo uliyotutumia, maana ndiyo yaliyomkera msimamizi. Futa humo "Maji Maji" uandike "Mau Mau", futa "Wajerumani" uandike "Waingereza". Yanasimama vilevile, hayana hata mkwaruzo. Maelezo yanayoweza kuhamia kitabu kingine bila kubadilika hayajasema lolote kuhusu kitabu ulichonacho, na msimamizi anayasoma kwa sekunde kumi akajua kwamba mwandishi aliishia kwenye jalada na yaliyomo. Huenda wewe ulikisoma chote. Hakuna sentensi inayomthibitishia.

Kila ingizo lijibu mambo manne. Mwandishi anadai nini hasa? Dai hilo amelijenga juu ya ushahidi gani, uliotoka kwa nani na lini? Ushahidi huo unafika wapi na unaishia wapi? Na chanzo hiki kinalifanyia nini swali lako, ukikiweka kando ya vyanzo vingine ulivyonavyo? Maneno 150 ni sentensi sita hadi nane. Mbili zinatosha kwa dai. Zinazobaki zigawie hayo matatu mengine. Wanafunzi wengi hufanya kinyume: sentensi sita za yaliyomo, moja ya "ni kizuri", na hakuna nafasi tena.

Kijitabu kilekile tungekiandika hivi:

Gwassa, G. C. K., & Iliffe, J. (Wah.). (1968). Records of the Maji Maji rising: Part one. East African Publishing House.

"Kijitabu hiki kinakusanya ushuhuda wa wazee kuhusu chanzo cha vita, ukiwamo ule wa zamu za kulima pamba Samanga ambao vitabu vingi huunukuu. Picha inayojitokeza ni kwamba kero za kilimo cha lazima zilitangulia, kisha maji ya Kinjikitile yakawapa watu waliokuwa mbalimbali sababu ya kusimama pamoja. Ushuhuda huu ulichapishwa miaka 60 hivi baada ya matukio, tena kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno ya wasimulizi yamepitia mkono wa mtafsiri. Ulitoka pia wakati taifa changa lilipokuwa likitafuta historia ya umoja wake, jambo linaloweza kuwa limeathiri kilichoulizwa na kilichojibiwa. Kwa utafiti huu ni chanzo kikuu cha sura ya Kinjikitile kama mwunganishaji, sura ambayo Hussein (1969) anaichukua na kuitia shaka. Kisomwe pamoja na Sunseri (1997), anayeanzia kwenye njaa na mivutano ya kaya za Uzaramo badala ya nabii."

Jaribu kuhamishia maelezo hayo kwenye Mau Mau. Hayaendi. Angalia pia kwamba neno "muhimu" halimo hata mara moja. Umuhimu umeonekana kwa kusema kinatumika wapi. Usinakili ingizo letu. Fungua nakala yako, uone kama unakubaliana nalo, uandike la kwako lenye namba za kurasa ulizozitegemea. Mwaka nao uuangalie kwenye ukurasa wa hakimiliki wa nakala uliyoishika, kwa sababu utakuta kijitabu hiki kikitajwa kwa mwaka 1967 mahali pengine na 1968 kwingine.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo katika mada yako lina uzito kuliko yote. Vyanzo vya Maji Maji ni ndugu. Iliffe aliandika makala ya mwaka 1967 katika Journal of African History kuhusu namna vita vilivyopangwa. Iliffe huyohuyo alihariri kijitabu pamoja na Gwassa. Gwassa akaandika tasnifu yake ya uzamivu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973. Iliffe tena akatoa historia ya Tanganyika ya zama mpya mwaka 1979. Ukiviweka vyote vinne, utaandika kwamba "wanahistoria wengi wanakubaliana" kuhusu Kinjikitile, kumbe umewasikiliza wawili waliofanya kazi bega kwa bega katika kipindi kimoja, wakitegemea kwa sehemu simulizi zilizokusanywa miaka ya 1960. Hatusemi uviache. Makala ya 1967 huwezi kuiruka: ndiyo inayodai kwamba vita vilianza kama harakati ya wakulima wa bonde la Rufiji na vilima vya Matumbi, vikaenezwa kwa nguvu ya imani, kisha vilipofika kwa Wangoni na wengine vikashikwa na uongozi wa kikabila uliokuwapo. Ila maelezo yako yaseme waziwazi kwamba vyanzo hivi vinachota kisima kimoja. Hapo ndipo bibliografia inapoanza kuonekana kazi ya mtafiti.

Undugu huo unaujulia kwenye tanbihi. Makala ya Iliffe ni kurasa 18, kuanzia 495 hadi 512. Soma kurasa mbili za mwanzo na mbili za mwisho, kisha shuka chini ya kila ukurasa ukaone anamnukuu nani: faili za serikali ya Wajerumani, wamisionari, au wazee waliohojiwa. Weka alama tatu tofauti pembeni kwa penseli. Baada ya hapo ndipo usome makala nzima. Kwa makala ya urefu huo tenga saa mbili hadi tatu, na kabla hujafunga andika mistari minne, mmoja kwa kila swali tulilolitaja, kila mmoja na namba ya ukurasa. Ukiahirisha hadi kesho utaandika tena "kina taarifa nyingi".

Ili orodha isielemee upande mmoja, yagawe makundi ya ushahidi kwanza, kisha ndipo uchague majina. Kuna maandishi ya watawala wa Kijerumani ya wakati wenyewe. Kuna simulizi za miaka ya 1960 na waliozitumia. Kuna wanahistoria waliorudi kuzihoji simulizi hizo baadaye: Sunseri mwaka 1997 kuhusu Uzaramo, Monson mwaka 1998, anayeonyesha kwamba katika Nyanda za Juu Kusini nani alipigana upande gani kulitegemea mapatano na uhasama wa tangu kabla ya 1905, Becker mwaka 2004 kuhusu wafanyabiashara na wakubwa wa kusini mashariki, na mkusanyiko wa makala uliohaririwa na Giblin na Monson mwaka 2010. Halafu kuna fasihi. Viwili hadi vinne kila kundi, mpaka vitimie 12. Kutoka ule mkusanyiko wa 2010 chagua sura moja au mbili zinazogusa swali lako, uziandikie kila moja ingizo lake kwa jina la aliyeiandika. Kuandika ingizo moja la kitabu kizima chenye waandishi wengi ndiko kunakorudisha ule muhtasari mtupu.

Kuna chanzo ambacho hukukitaja na tungesikitika kikikosekana: Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapishwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Whiteley. Wewe ni mwanafunzi wa Kiswahili. Hapa una sauti ya mtu wa pwani, kwa Kiswahili chenyewe, iliyotungwa kabla ya hizo simulizi za miaka ya 1960 kukusanywa. Usome kwa Kiswahili, si kwa tafsiri iliyo pembeni, na katika maelezo yako useme mtunzi anawaita nini wapiganaji na anawaita nini Wajerumani. Nukuu beti mbili kwa namba. Hilo peke yake litamwonyesha msimamizi kwamba umesoma. Jina la mtunzi liweke chini ya A, Abdul Karim. "Bin Jamaliddini" ni jina la baba yake, si la ukoo la kugeuzwa likatangulia.

Ukitafuta kwenye katalogi usiandike neno kwa namna moja tu. Jaribu Maji Maji, Majimaji na Maji-Maji. Kinjikitile kwa wanahistoria na Kinjeketile kwa Hussein. Götzen na Goetzen. Matumbi na Umatumbi. Vyanzo vingi "visivyopatikana" hupotelea hapo. Kwa machapisho ya zamani ya hapa nyumbani, uliza sehemu ya Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kama huwezi kusafiri, mkutubi wa chuo chako anajua utaratibu wa kuomba. Makala za majarida utazipata JSTOR, hifadhi ya majarida ya mtandaoni, na hata kama chuo chako hakijalipia, ukijisajili kama mtu binafsi unaruhusiwa kusoma idadi fulani mtandaoni kila mwezi bila malipo.

Zile makala mbili ulizopewa na akili mnemba zitoe leo. Programu hizo huunganisha jina la mwanahistoria wa kweli, jarida la kweli na kichwa kinachosikika vizuri, zikazaa makala ambayo haijawahi kuandikwa. Kuna njia ya haraka ya kuzikamata. Journal of African History lilianza mwaka 1960, na juzuu yake huongezeka moja kila mwaka. Kwa hiyo toa 1959 kwenye mwaka wa makala upate juzuu. Ya 1967 ni juzuu ya 8, ya 1998 ni ya 39, ya 2004 ni ya 45. Ukiambiwa makala ya 1974 iko juzuu ya 22, umedanganywa, maana 1974 ni juzuu ya 15. Hesabu ikikubali, bado fungua ukurasa wa jarida uangalie yaliyomo katika toleo hilo, au ubandike namba ya DOI (namba ya utambulisho wa makala) kwenye doi.org uone inakupeleka wapi. Na zile tatu "ulizozipata" nazo zipitishe kwenye kipimo hichohicho, kwa sababu huenda kichwa ni cha kweli lakini kurasa au mwaka si wenyewe. Hili si dogo: chanzo kisichokuwepo ndani ya kazi yako kinahesabiwa kuwa udanganyifu, hata kama hukukusudia.

Kitabu cha Götzen cha mwaka 1909 kiondoe kwenye orodha. Maelezo ni tamko kwamba umekisoma, na wewe hujakisoma. Ukihitaji hoja yake kwenye pendekezo, andika ndani ya matini "Götzen, 1909, imenukuliwa katika" halafu jina na mwaka wa yule uliyemsoma, na kwenye marejeleo aingie huyo wa pili peke yake. Usidhani utapoteza. Mtazamo wa gavana aliyekuwa madarakani vita vilipoanza utaupata kupitia wanaomchambua, na katika ingizo la mmoja wao unaweza kutumia sentensi nzima kueleza jinsi anavyomtumia: anamwamini wapi, anamshuku wapi.

Tamthilia ya Hussein inaingia, tena ni lazima, ila kama matini unayoyachambua. Usiitumie kuthibitisha kilichotokea mwaka 1905. Mwandishi mwenyewe ametahadharisha katika utangulizi kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni. Maelezo yake yaseme kinachofanywa na tamthilia hiyo kwa swali lako: Kinjeketile anayewaunganisha watu kwa maji, kisha akabaki na wasiwasi juu ya neno ambalo limekwisha kumponyoka. Kwa kuwa utafiti wako una maswali mawili, chanzo kimoja kinaweza kubadilika hadhi. Ule ushuhuda wa wazee ni ushahidi kuhusu 1905, lakini kwa swali la namna Kinjikitile alivyochorwa baadaye ni ushahidi kuhusu miaka ya 1960. Andika hivyo. Idara ikitaka uvitenganishe vyanzo vya msingi na vya upili, eleza kwa sentensi moja mwanzoni umevigawa kwa swali lipi.

Tahadhari moja inayowapata hasa wanaoandika kwa Kiswahili wakisoma kwa Kiingereza: kutafsiri ikisiri (ule muhtasari ulio mwanzoni) ya makala na kuibandika kama maelezo yako ni wizi wa kitaaluma hata kama programu ya kukagua ufanano haioni kitu. Msimamizi anaona. Ikisiri huwa haisemi udhaifu wa makala wala haijui swali lako, kwa hiyo tafsiri yake inajulikana papo hapo.

Umbo la APA ni jepesi. Panga kwa alfabeti. Mstari wa kwanza wa rejeleo uanzie ukingoni, inayofuata iingie ndani sentimita 1.27, maelezo yaanze aya mpya chini yake, aya nzima ikiwa imeingia ndani kipimo hichohicho. Vichwa vya Kiingereza viache kwa Kiingereza, herufi kubwa mwanzoni, baada ya nukta mbili na kwenye majina tu. Jina la jarida hubaki na herufi kubwa zake, kwa mlazo. Kwa wahariri chagua "Wah." au "Eds." na usichanganye. Kama unatumia Zotero, programu ya kupanga marejeleo, itakupangia haya, ila itarudia makosa yote iliyoyabeba kutoka mtandaoni, hasa herufi kubwa na majina, kwa hiyo pitia rejeleo moja moja kwa macho.

Kuhusu wiki mbili zako: usiandike upya maingizo yote na kuyapeleka kwa mkupuo. Siku tatu za kwanza shughulikia matatu tu, kila moja kutoka kundi tofauti: kijitabu cha Gwassa na Iliffe, makala ya Monson, na utenzi. Yapeleke kwa msimamizi na swali moja lililonyooka: "Je, kina hiki kinatosha?" Wakati unasubiri jibu, endelea kusoma, chanzo kimoja kwa siku, na kuandika ile mistari minne. Akikujibu, maingizo tisa yaliyobaki utayaandika ukijua anachotaka, na siku mbili za mwisho zibaki kwa ajili ya kuyaunganisha: pitia kila ingizo uone kama linataja angalau chanzo kimoja kingine kilichomo kwenye orodha. Lisilotaja chochote, rudi kwenye tanbihi zake.